Muzazi mumoja akiacha kazi, feza ya watoto inapita njia gani?



Kuna shauri moja ambalo familia nyingi za miji yetu ya migodi, tangu Lubumbashi na Likasi mupaka Kolwezi, wanalikata mbiombio, usiku, kila mutu akiwa amechoka. Mutoto amezaliwa, konje ya uzazi inakaribia kwisha, yaya wa kumushika mutoto hapatikani ao anaomba feza nyingi, na mutoto mukubwa naye ameanza kuugua kila mara. Basi bwana anasema: "Mama, acha ile kazi, ukae na batoto. Miye nitatosha." Bibi anaitika. Kesho yake anapeleka barua ku kazi. Wanaona kwamba mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Mwezi mumoja nyuma, maswali yanaanza. Ile feza kidogo ya watoto iliyokuwa inaingia pamoja na mushahara wa mama, nani atailipa sasa? Mutoto akigonjwa, lopitali itamupokea kwa jina la nani? Ile miaka ambayo walimukata mama ku mushahara juu ya uzee wake, imepotea? Na kuna swali lingine ambalo sisi wachungaji tunaulizwa mara mingi: "Pastere, Leta haiwezi kunisaidia kidogo, miye mama niliyeacha kazi juu ya kulea batoto?"

Nataka tuangalie mambo hayo pamoja, polepole, bila kuficha kitu. Jibu fupi ni hili: katika inchi yetu sheria haimulipi muzazi kwa sababu amebaki nyumbani. Lakini sheria inawapa watoto haki, na haki hiyo inapita ku kontra na ku karatasi za yule muzazi anayeendelea na kazi. Karatasi zikiwa sawa, haki inapita. Karatasi zikikosa, haki inabaki ku mulango.

TULIZOEA KOMPANYI ITUFIKIRIE

Wazazi wetu hawakuuliza sana maswali haya, na kuna sababu. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kwa kuchukua wanaume peke yao, kwa kontra fupi. Wengi waligonjwa, wengi walikimbia, wengine walikufa. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 wakubwa wake wakageuza mupango. Wakatoa kontra ya miaka mitatu, wakataka mutumishi aje na bibi na watoto. Wakajenga nyumba, wakajenga lopitali za uzazi, wakaweka siku za kupima uzito wa watoto wachanga, wakafungua masomo. Na posho haikupimwa tena kwa mutumishi peke yake. Ilipimwa kwa bibi yake vilevile, na kwa kila mutoto aliyeandikwa ku dosie ya baba.

Haikuwa mapendo tu. Ilikuwa hesabu. Mama aliyebaki nyumbani alipika, alizaa, alilea watoto wenye nguvu, na watoto hao walikuwa watumishi wa kesho. Kompanyi ilijua vizuri kwamba kulea ni kazi yenye kuleta faida. Serikali ilipochukua migodi mwaka 1967, kompanyi mupya, ile tuliyoijua nyuma kwa jina la Gécamines, iliendelea na desturi ile ile: unga, lopitali, masomo ya watoto.

Kisha tukaona muanguko. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Kufika mwaka 1994 shaba ya mwaka muzima haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakawia, miezi juu ya miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa musaada wa feza ya Banki ya Dunia, watumishi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mupango ulioitwa "départ volontaire", kila mumoja na feza yake ya mara moja. Siku walipotia sahihi, hawakuacha kazi tu. Bibi na watoto waliacha vilevile lopitali na masomo, kwa sababu yote yalikuwa yametundikwa ku kontra ya baba.

Wamama ndio waliosimama wakati ule. Walitoka na beseni za mikate, za samaki, za makala, wakalisha nyumba zao. Wengi wetu tulisoma kwa feza ya beseni hizo.

Ninakumbusha hayo kwa sababu moja. Tukitegemea roho nzuri ya kompanyi, siku roho ile inageuka hatuna neno la kusema. Lakini tukijua sheria, tunaweza kuuliza kwa heshima na kwa nguvu.

SHERIA INATUPA NINI?

Chombo cha kulinda watumishi, INSS, kilizaliwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1961. Kwa miaka mingi, tawi lake la feza ya watoto lilifanya kazi huku Katanga tu. Pahali pengine pa inchi, kila mukubwa wa kazi alilipa yeye mwenyewe, kama alitaka kutii. Ndiyo maana wazee wetu wa migodi walijua neno "alokasio" mbele ya watu wa majimbo mengine.

Tarehe 15 Julai 2016 inchi ilipata sheria mupya, namba 16/009, na mwaka 2018 INSS ikapata jina mupya: CNSS. Kufuatana na mupango huo mupya, juu ya kila mushahara kunalipwa sehemu 18 kwa 100. Mutumishi anakatwa 5 kwa 100 juu ya uzee wake. Kompanyi inalipa 13 kwa 100: 5 juu ya uzee, 1.5 juu ya hatari za kazi, na 6.5 juu ya familia.

Angalia vizuri ile 6.5. Haitoki ku mufuko wa mutumishi. Kompanyi inailipa juu yake, kwa sababu yeye anatumika. Basi mutu asione haya kuuliza feza ya watoto wake kama vile anaomba sadaka. Ni sehemu ya bei ya jasho lake, ila imewekwa pembeni kwa jina la watoto.

Katika tawi hilo la familia, sheria inataja musaada wa wakati wa mimba, musaada wa uzazi, na alokasio ya watoto yenyewe.

Tena kuna Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Hiyo inasema mambo manne ambayo kila mama mwenye kontra anapashwa kuyajua:

Moja, mama ana haki ya kupumzika juma 14 za kufuatana kwa ajili ya uzazi: mupaka 6 mbele ya kuzaa na mupaka 8 nyuma.

Mbili, katika juma hizo anapokea sehemu mbili kwa tatu za mushahara wake.

Tatu, akirudi ku kazi na mutoto ananyonya bado, ana haki ya nusu saa mara mbili kwa siku ya kumunyonyesha, na saa hiyo inalipwa kama saa ya kazi.

Ine, haikubaliwi kumufukuza juu ya mimba yake.

Na kwa wote, baba ao mama: mutumishi akigonjwa, ao bibi yake, ao bwana yake, ao mutoto wake, mukubwa wa kazi anapashwa kutoa matunzo ya lopitali, mupaka mwisho wa kontra. Ushike neno hilo la mwisho: *mupaka mwisho wa kontra*.

KITU AMBACHO SHERIA HAITOI

Wengi wana ndugu huko Ubelgiji, na ndugu hao wanaeleza ku telefone: "Huku muzazi anaacha kazi miezi mingine na Leta inamulipa." Wanasema kweli. Ubelgiji, muzazi mwenye kazi anaweza kuchukua konje ya miezi 4 kwa ajili ya mutoto asiyefikisha miaka 12, na Serikali inamupa feza kidogo kila mwezi. Kila muzazi ana miezi yake, baba kama mama. Na nyuma ya hapo kazi yake inamungojea.

Huku kwetu, konje ya namna hiyo yenye kulipwa na Leta haiko. Kuna juma 14 za uzazi, basi. Mama akitoa barua ya kuacha kazi nyuma ya hapo, hakuna biro itakayomupa mushahara wa kulea. Mutu akikuambia: "Nipe dola 50, nitakufungulia dosie ya mama anayebaki nyumbani," mutu huyo anakuibia. Umukatalie, na uwaonye jirani zako.

Kinachobaki ni alokasio ya watoto, kwa njia ya yule anayetumika. Na tuseme kweli: ni feza kidogo. Haijazi pahali pa mushahara wa mama. Inasaidia ku maziwa, ku dawa, ku madaftari ya masomo. Mutu asiache kazi akitumaini kwamba alokasio itamulisha.

FANYENI HESABU MBELE YA KUANDIKA BARUA

Chukueni karatasi, mukae wawili ku meza, watoto wakiwa wamelala. Tuseme mama anapokea dola 250 kwa mwezi. Yaya anaomba 60. Taksi za kwenda na kurudi zinakula 40. Chakula cha ku kazi, 25. Maziwa ya kopo, kwa sababu mama hayuko muchana, 45. Jumla ni 170. Inabaki dola 80. Basi bwana anasema: "Unaona? Unatoka nyumba asubuhi mupaka mangaribi juu ya dola 80."

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili haionekani ku mukono. Andikeni vilevile:

– Kontra ya mama inafungua lopitali kwa watoto? Na ya baba inaifungua?
– Kontra ya mama inalipa nyumba ao sehemu ya nyumba?
– Mama ametumika miaka mingapi? Kila mwezi anaokatiwa CNSS unaongezwa ku hesabu ya uzee wake. Akiacha, miezi ya nyuma haipotei, lakini haiongezeki tena.
– Nyuma ya miaka mitano nyumbani, mama ataweza kupata kazi nyingine ya namna ile?

Na swali kubwa kuliko yote: *kontra ya nani ina nguvu zaidi?* Siku hizi watumishi wengi wa migodi hawako ku kitabu cha kompanyi kubwa. Wako kwa kompanyi ndogo za sutretansi, kwa kontra ya miezi. Nguo ya kazi ina jina la mugodi mukubwa, lakini mukubwa wa kazi mbele ya sheria ni yule aliyetia sahihi ku kontra yako. Kama baba ana kontra ya miezi sita na mama ni mwalimu ao infirmiere mwenye kontra isiyo na mwisho, musikubali haraka kwamba mama ndiye wa kuacha. Mushahara wa baba unaweza kuwa mukubwa leo, kisha mwezi wa saba ukakosa. Hapo nyumba nzima inabaki bila lopitali na bila alokasio, sawa ilivyokuwa kwa jirani zetu mwaka 2003.

Tena, mbele ya kuacha kabisa, ulizeni njia ya katikati. Mukubwa wa kazi anaweza kukubali konje bila mushahara kwa miezi kadhaa, ao kugeuza saa za kazi. Hawezi kulazimishwa, lakini akikubali, iandikwe na kutiwa sahihi. Neno la mudomo halina nguvu siku mukubwa yule anahama.

KARATASI TANO

Kama mumekwisha kukata shauri, na mumoja wenu ataacha kazi, tafuteni karatasi hizi mbele ya siku ya mwisho. Nimeziandika kwa mupango ambao zinasaidia.

*Ya kwanza ni akti ya kuzaliwa ya kila mutoto.* Mutoto asiye na akti hahesabiwi, hata kama mutaa wote unamujua. Sheria inatoa siku 90 tangu siku ya kuzaliwa kwa kumuandikisha ku eta sivili ya komini, na katika siku hizo ni bure. Kiisha siku 90, munapashwa kupita ku tribinali kutafuta hukumu, na njia hiyo ni ya kuchosha na ya kutosha feza. Karatasi ya lopitali siyo akti. Inasaidia tu kupata akti. Na cheti cha kubarikiwa ku kanisa siyo akti.

*Ya pili ni akti ya ndoa.* Hapa ninasema na ndugu zangu wa kanisa. Baraka ya kanisa ni kitu kikubwa kwetu, lakini mbele ya CNSS na mbele ya kompanyi haina nguvu peke yake. Hata mahari iliyotolewa mbele ya jamaa zote, kama ndoa hiyo ya desturi haikuandikwa ku eta sivili, bibi anaweza kukosa kuhesabiwa ku dosie ya bwana wake. Wachungaji, tusikubali kubariki ndoa na kusahau kuwatuma watu ku komini.

*Ya tatu ni namba ya CNSS ya yule anayeendelea na kazi.* Aiulize. Kisha aangalie bulteni yake ya mushahara: kuna mustari wa CNSS? Kama wanamukata 5 kwa 100, aende ku biro ya CNSS ya muji wake aulize kama feza hiyo inafika kule kweli, kwa jina lake. Kuna wakubwa wa kazi wanaokata na hawapeleki. Anayejua mapema anaweza kusema mapema.

*Ya ine ni karatasi ya kuhamisha watoto.* Hii ndiyo wengi wanasahau. Mutoto halipiwi mara mbili. Kama alikuwa ameandikwa ku dosie ya mama, na mama anaacha kazi, mutoto hahami peke yake kwenda ku dosie ya baba. Mama aombe ku kazi yake karatasi inayoonyesha kwamba feza ya watoto inasimama kwake tangu tarehe fulani. Baba aipeleke ku kompanyi yake pamoja na akti za kuzaliwa, akti ya ndoa, na karatasi ya komini inayoonyesha watu wa nyumba. Watoto wanaosoma wapate kila mwaka cheti cha masomo. Fanyeni kopi za yote, na muombe mupokeaji atie kashe na tarehe ku kopi yenu.

*Ya tano ni karatasi za mwisho za yule anayeacha.* Asiache kwa kukosa tu ku kazi. Akikosa bila barua, wataandika kwamba ametoroka, na hesabu yake itaharibika. Aandike barua na kutumika siku za preavi. Sheria ya Kazi inasema kompanyi ikimuondoa mutumishi inatoa siku 14 za kazi, na 7 juu yake kwa kila mwaka muzima aliotumika. Mutumishi anayeacha mwenyewe anatoa nusu ya hesabu hiyo. Mama aliyetumika miaka 4: 14 na 28 ni 42, nusu yake ni siku 21 za kazi. Siku ya mwisho adai hesabu yake yote, hata siku za konje asizokula, na cheti kinachoonyesha kazi aliyofanya na miaka yake. Cheti hicho akitunze vizuri, siku moja atakihitaji.

Kukiwa ubishi, njia iko wazi: delege wa sendika kwanza, kisha inspekta wa kazi. Tribinali ya kazi haipokei neno la mutumishi mumoja kama inspekta hajajaribu kwanza kuwapatanisha. Na musikawie: madai ya kazi yana muda wake, na yakipita muda yanakufa, hata kama yalikuwa ya haki.

NA KAMA NI BABA ANAYEBAKI?

Wengine watacheka. "Baba gani wa kushika mutoto muchana?" Lakini angalieni kartie zetu. Mugodi unasimama, wanaume wanarudishwa nyumbani, na bibi ndiye mwenye kazi ku lopitali, ku masomo, ku biro. Nyumba kama hizo ziko nyingi kuliko tunavyopenda kusema.

Haki ya watoto haiangalii kama mutumishi ni mwanaume ao mwanamuke. Mama mwenye kontra anaweza kuandikisha bwana yake na watoto wake ku dosie yake. Zamani Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilitaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Bibi anaweza leo kwenda mwenyewe ku biro, na kujaza karatasi mwenyewe.

Baba anayebaki asijione amepotea. Aliyemuogesha mutoto, akamupikia uji, akamusindikiza ku masomo, amefanya kazi. Ni vibaya zaidi kuwa nyumbani muchana kutwa na kungojea bibi arudi kupika bukari.

FEZA HIYO NI YA NANI?

Sasa tunafika ku jambo linalouma. Alokasio inaingia pamoja na mushahara wa yule anayetumika. Yeye ndiye anaona bulteni. Yule wa nyumbani haoni kitu. Katika nyumba zingine mama hajui hata kama alokasio iko. Anaomba feza ya sabuni kama mutoto anayeomba bombo, na anajibiwa: "Ile ya juzi umefanya nini nayo?" Kumbe feza ya watoto imelipa bia, ao imelisha biro ya pili.

Kwa ndugu zangu wanaume ninasema waziwazi. Bibi yako alipoacha kazi, mulikata shauri hilo wawili. Aliacha mushahara wake, aliacha jina lake ku kazi, aliacha miezi ya uzee wake. Wewe umeendelea kupanda. Ukimunyima hata kuona bulteni, umemufanya mufungwa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2, tunasoma habari ya mama ya Musa. Binti wa Farao alipomutoa mutoto ku kisanduku cha manyasi, alimukabizi kwa mama yake muzazi bila kumujua, amunyonyeshe, na akaahidi kumulipa mushahara. Mama huyu alilipwa kwa kulea mutoto wake mwenyewe! Hakuna mutu aliyemuambia: "Ni mutoto wako, ufanye bure." Binti wa mufalme wa inchi ngeni aliona kwamba kunyonyesha na kulea ni kazi, na kazi ina mushahara wake. Sisi tutashindwa kuona?

Basi fanyeni hivi. Siku ya mushahara, bulteni iwekwe ku meza, wote wawili muisome. Mustari wa alokasio utengwe siku ile ile na kupewa yule anayebaki na watoto, bila kuomba na bila maswali ya polisi. Juu yake, mwenye mushahara atoe kitu kidogo kwa jina la mwenzake mwenyewe, kisichokuwa cha sabuni wala cha makala: kiwe cha akiba yake, ku banki, ao ku likelemba. Hicho ni kama muchango wa uzee wake, kwa kuwa CNSS hailipwi tena kwa jina lake.

Na neno moja juu ya ujanja. Wengine wanaandikisha watoto wa ndugu kama wao ndio waliowazaa, ili feza iongezeke. Kama unalea yatima kweli, tafuta karatasi ya haki inayoonyesha kwamba yuko mikononi mwako. Kuandika uongo ku akti ni kumuharibia mutoto jina lake, na siku uongo unajulikana, dosie nzima inaweza kufungwa, pamoja na watoto wa kweli.

WALE WASIO NA KONTRA

Ninajua kwamba wasomaji wengi hawana kontra hata moja nyumbani. Baba anachimba kwa mikono yake, mama anauza ku soko. Kwao tawi la familia halifungui mulango, kwa sababu hakuna mukubwa wa kazi anayelipa ile 6.5. Hiyo ni shida ya kweli, na maneno matamu hayataiondoa.

Lakini mambo mengine yako mikononi mwao. Akti ya kuzaliwa ni kwa kila mutoto, mwenye kontra na asiye nayo. Siku baba ao mama anapata kazi, hata ndogo, mwenye akti tayari anaanza kupokea. Asiye nayo anaanza kutafuta tribinali. Likelemba ya wamama, iliyopangwa vizuri na kuandikwa ku daftari, inaweza kumubeba mama kwa miezi mitatu ya kwanza ya mutoto, kama akiingia mapema na kuchagua zamu yake iangukie wakati wa kuzaa. Na parokia zetu, zenye vyumba vinavyokaa tupu tangu siku ya kwanza ya juma mupaka siku ya sita, zinaweza kufungua pahali pa kuwashika watoto wadogo asubuhi, kwa feza kidogo, ili mama asilazimishwe kuacha kazi asiyotaka kuiacha. Musaada kama huo unaweza kuwa mukubwa kuliko alokasio.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KUNDI

1. Kila mutoto wetu ana akti ya kuzaliwa? Iko wapi sasa hivi?
2. Kati yetu wawili, kontra ya nani ina nguvu zaidi, na ya nani inaandika watoto?
3. Mustari wa alokasio uko ku bulteni? Mwezi uliopita feza hiyo ilifanya nini?
4. Yule anayebaki nyumbani ana akiba kwa jina lake?
5. Vijana: mukitaka kuoana, mumekwisha kusema pamoja juu ya nani atalea, na kwa feza gani?

Kama huwezi kujibu swali la kwanza leo, anza nalo. Biro ya eta sivili inafungua kesho asubuhi.